Uingereza: "Maisha, angalau miaka 20". Jaji anaipataje hiyo namba?

Tafsiri_Kali aliuliza:

Wakuu, salaam.

Natafsiri habari za mahakama za Uingereza kwenda Kiswahili, na hukumu za mauaji ya kukusudia zinanipiga chenga. Chombo kimoja kinaandika "kifungo cha maisha, angalau miaka 20", kingine kinaandika "miaka 19 na siku 78", cha tatu kinafupisha kuwa "jela miaka 20". Kesi ni ile ile, mshtakiwa yule yule.

Maswali yangu:

1. Kama adhabu ni maisha, hiyo miaka 20 ni ya nini?
2. Jaji anaitoa wapi? Mbona aliyechoma kisu barabarani anapewa 24 na aliyechoma kisu nyumbani kwake anapewa 17, wakati marehemu wote wawili wamekufa kwa kisu?
3. Hizo siku za mkiani zinatoka wapi?
4. Wasomaji watalinganisha na kwetu, hilo halikwepeki. Kenya ikoje?

Naomba majibu ya watu wanaoijua sheria. Maoni ya kama adhabu inatosha au haitoshi tuyaache kwa uzi mwingine.

---

Rufaa_Siku28 alijibu:

Mkuu, kwanza tuseme England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina utaratibu wao, na mtafsiri akiandika "Uingereza" kwa zote anaingia mtaroni.

Adhabu ya mauaji ya kukusudia ni moja tu, nayo ni maisha. Jaji hana hiari hapo, na ndivyo ilivyo tangu mwaka 1965 kunyongwa kulipoondolewa kwa kosa hili. Akishapatikana na hatia, hata kama jaji anamwonea huruma, atatamka maisha. Kinachobaki mikononi mwa jaji ni kupanga kima cha chini: muda ambao mfungwa lazima autumikie wote kabla ya Bodi ya Parole kuruhusiwa hata kufikiria kumtoa. Kwenye muda huo hakuna kupunguziwa theluthi kwa tabia njema wala kutoka nusu ya safari. Miaka 20 ni miaka 20 kamili.

Kwa hiyo "jela miaka 20" ni kosa la tafsiri, tena kubwa. Miaka 20 ikiisha mlango haufunguki wenyewe. Bodi inajiuliza swali moja: je, bado ni lazima abaki ndani ili umma uwe salama? Wakiona bado, anabaki, hata miaka kumi zaidi. Wakimtoa, anatoka kwa masharti yatakayomfuata mpaka kaburini, na akiyavunja anaweza kurudishwa gerezani bila kesi mpya.

Namba inatoka wapi sasa. Zamani waziri wa mambo ya ndani ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Mwaka 2002, katika kesi ya Anderson, majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, walisema mwanasiasa hawezi kupanga adhabu ya mtu. Bunge likajibu kwa Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 2003 na kuweka ndani yake Jedwali la 21. Leo jedwali hilo limo katika Sheria ya Adhabu ya mwaka 2020, na namba yake ni ile ile, 21. Ukisikia mawakili wa huko wanagombana wakati wa kupanga adhabu ya mauaji, mara nyingi wanagombania aya za jedwali hilo.

Kwa mtu mzima kuna vianzio vinne.

Cha juu kabisa ni amri ya maisha yote, yaani hakuna kima cha chini, hakuna Bodi. Hapo zimo kesi kama kuua watu wawili au zaidi kwa mpango mkubwa, kuwateka au kuwatendea ukatili wa kingono. Kuua mtoto kwa kumteka, kwa nia ya kingono au kwa mpango mkubwa. Kuua askari polisi au askari magereza akiwa kazini. Kuua kwa ajili ya siasa, dini, rangi au itikadi. Na mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji akaua tena. Kwa kawaida amri hii ni ya waliofikisha miaka 21. Tangu 2022 inaweza kuwapata wenye miaka 18 hadi 20, ila kwa kesi za kipekee sana.

Kianzio cha miaka 30: bunduki au mlipuko, mauaji ya kulipwa au ya kutafuta faida kama katika ujambazi, kuua ili shahidi asifike mahakamani, ukatili wa kingono, kuua zaidi ya mmoja, na chuki dhidi ya rangi, dini, ulemavu au jinsi mtu alivyo katika mapenzi na jinsia.

Kianzio cha 25: kwenda na kisu au silaha nyingine kwenye eneo la tukio na kuitumia kuua. Hiki kiliongezwa Machi 2010, na ndicho chanzo cha swali lako la pili.

Cha 15: mengine yote.

Angalia neno "kianzio". Jaji anaanzia hapo, kisha anapanda au anashuka. Kwenye kesi ya Jones ya mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilionya majaji wasiyachukulie mapengo kati ya vianzio kama ukuta: kesi iliyokosa miaka 30 kwa unywele haiwezi kuangukia 15 ikatulia pale. Na orodha zenyewe hazijafungwa. Katika kesi ya mauaji ya Sarah Everard, London, mwaka 2021, muuaji alikuwa askari polisi aliyetumia wadhifa wake kumteka. Hali hiyo haikuandikwa popote kwenye orodha ya maisha yote, lakini alipewa maisha yote, na Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha adhabu hiyo mwaka 2022.

---

Mama_Kanuni alijibu:

Rufaa kaeleza vizuri, nami nitajibu hilo la kisu kwa sababu ndilo linalowachanganya hata mawakili.

Maneno ya sheria ni kwamba mshtakiwa awe ameipeleka silaha kwenye eneo la tukio, akiwa na nia ya kutenda kosa lolote au ya kuwa nayo tayari kuitumia kama silaha, na kisha ameitumia kuua. Mambo hayo yote lazima yakutane. Aliyetoka nyumbani na kisu kiunoni akamchoma mtu kituo cha basi anaanza na 25. Aliyekuwa jikoni anagombana na mkewe, akafungua droo, akatoa kisu na kumchoma pale pale: hakukipeleka kisu popote, kilikuwepo. Anaanza na 15.

Katikati ndipo penye mzozo. Katoa kisu jikoni akapanda nacho chumbani? Kwa kawaida mahakama inahesabu nyumba nzima kuwa eneo moja, hivyo kianzio kinabaki 15. Katoka nacho nje ya mlango akamfuata mtu barabarani? Hapo kisu kimepelekwa, na 25 inaingia. Hivyo hatua chache kutoka sebuleni hadi barazani zinaweza kuwa na uzito wa miaka mingi, na ndiyo maana mawakili watabishana nusu siku kuhusu mlango ulikuwa wapi na droo ilikuwa wapi.

Lakini jaji anayejua kazi yake haachi pengo la miaka 10 lifanye kazi peke yake. Kisu cha jikoni bado ni silaha. Kutoka 15 atapanda kwa ajili ya silaha yenyewe, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakitazama, kwa ajili ya vitisho vya miezi iliyotangulia. Ndiyo maana unaona 17, 18, hata 20 kwenye kesi za nyumbani zilizoanzia 15.

Pengo hilo limepigiwa kelele, na kwa haki kabisa kwa maoni yangu. Wanawake wengi huuawa ndani ya nyumba, na nyumba haikosi kisu. Ripoti ya Clare Wade kuhusu adhabu za mauaji ya majumbani ilitoka Machi 2023 na ikaligusa jambo hilo moja kwa moja. Matokeo yake ni mambo mapya yaliyoongezwa kwenye jedwali: kumtawala na kumkandamiza mwenzako kwa muda mrefu kabla ya kumuua ni jambo la kuongeza uzito, na kutumia nguvu kupita kiasi, yaani mashambulizi yaliyoendelea na kuzidi hata yale yanayohitajika kuua, vilevile. Upande wa pili nao umo: mtu aliyemuua mwenza aliyekuwa akimkandamiza anaweza kupunguziwa kwa sababu hiyo.

Mengine ya kuongeza uzito ni kupanga kwa kiasi kikubwa, marehemu kuwa dhaifu kwa umri au ulemavu, mateso kabla ya kifo, kusaliti dhamana uliyopewa, kumshambulia mtu anayetoa huduma kwa umma, na kuficha, kuharibu au kukatakata mwili. Ya kupunguza: nia ilikuwa kujeruhi vibaya badala ya kuua (kwa sheria ya huko hiyo nayo inatosha kuwa mauaji ya kukusudia), hakukuwa na mpango, ugonjwa wa akili uliopunguza lawama, kuchokozwa, kujihami hata kama kulizidi mpaka, kuamini kwamba unamwondolea mgonjwa mateso, na umri.

Makosa mawili ya kuangalia unaposoma maelezo ya jaji. La kwanza ni kuhesabu jambo moja mara mbili. Kama kisu ndicho kilichompeleka kwenye 25, jaji hawezi kumwongezea tena kwa sababu alibeba kisu. Anaweza kumwongezea kwa hatia ya zamani ya kubeba kisu, hilo ni jambo jingine. Hapa ndipo rufaa nyingi zinapochipukia. La pili ni kiwango cha ushahidi. Juri, yaani wale raia wanaoamua kesi, inatamka hatia tu, haielezi kwa nini. Ni jaji anayeamua ukweli wa mambo ya kuongeza uzito, na lazima awe na uhakika kwa kiwango kile kile cha jinai. Akibaki na shaka kama kisu kilitoka mfukoni au mezani, shaka hiyo inamfaa mshtakiwa, na kianzio ni 15.

---

Tafsiri_Kali alijibu:

Mama, shikamoo na asante. Hilo la droo na mlango limenifungua macho. Je, aliyekuwepo lakini hakushika kisu? Na hizo siku 78?

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Asiyeshika kisu: akitiwa hatiani kama mshiriki, naye anapata maisha. Kianzio cha 25 kinaweza kumpata kama alijua mwenzake amekuja na kisu. Tangu uamuzi wa Jogee wa mwaka 2016 haitoshi kwamba aliona jambo linaweza kutokea, lazima ithibitishwe alikusudia kusaidia au kuchochea. Hilo ni suala la hatia, tuliache, twende kwenye hesabu.

Nachukua mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 19 katoka na kisu, kagombana na mtu nje ya klabu, kamchoma mara moja kifuani, kakimbia, kakitupa kisu mfereji wa maji na kuchoma nguo. Ana hatia ya zamani ya kubeba kisu.

Kianzio: 25.

Kupanda: hatia ya zamani na kuharibu ushahidi. Tuseme jaji anaongeza 2, tupo 27.

Kushuka: umri wa miaka 19, hakukuwa na mpango wa kumuua huyo mtu, na jaji anakubali nia ilikuwa kujeruhi. Tuseme anatoa 3, tupo 24. (Nia ya kujeruhi haipunguzi sana hapa. Kisu kifuani si kofi, na jaji atasema hivyo.)

Majaji wengi hawatamki "ongeza 2, toa 3" namna hii. Wanapima yote kwa pamoja na kusema "ningefika miaka 24". Usiwatafutie jumla na tofauti ambazo hawakutoa.

Sasa kukiri kosa. Kwa makosa ya kawaida anayekiri mapema anapunguziwa hadi theluthi moja. Kwa mauaji ya kukusudia mwongozo ni mkali zaidi: kiwango cha juu ni moja ya sita, na haiwezi kuzidi miaka 5. Moja ya sita ya 24 ni 4. Tunabaki na 20.

Ukomo wa miaka 5 unaanza kubana pale kima kinapozidi 30. Kwa 36, moja ya sita ingekuwa 6, lakini atapewa 5, kwa hiyo 31. Na wakati wa kukiri una bei yake. Akisubiri mpaka siku ya kwanza ya kesi, punguzo hushuka hadi moja ya ishirini. Kwa 24 hiyo ni mwaka mmoja na miezi miwili na ushee, badala ya miaka 4. Kuna wanaokiri mauaji asubuhi ile mashahidi wameshakaa kwenye benchi, kisha wanashangaa wamepewa kiduchu.

Kosa la kawaida la waandishi ni kutoa moja ya sita kutoka kwenye kianzio. Hapana. Inatolewa mwishoni, baada ya kupanda na kushuka.

Hatua ya mwisho ni siku za rumande. Kima cha chini kinaanza kuhesabiwa siku ya hukumu, kwa hiyo siku alizokaa mahabusu akisubiri kesi lazima zitolewe waziwazi. Kwa vifungo vya kawaida magereza huzihesabu zenyewe. Kwa kifungo cha maisha ni jaji anayezitoa na kuzitaja, na asipozitaja zinapotea mpaka mtu agundue na kurudi mahakamani. Tuseme ni siku 287. Miaka 20 kasoro siku 287 ni miaka 19 na siku 78.

Ndiyo hizo siku zako za mkiani, na hapo vyombo viwili kati ya vitatu ulivyovitaja vyote viko sahihi. Kimoja kimechukua namba kabla ya rumande, kingine baada ya rumande. Chagua moja na umwambie msomaji ni ipi. Mimi ningeandika 20 kwenye kichwa na 19 na siku 78 ndani ya habari, kwa sababu watu wanalinganisha uzito wa kosa, na uzito wa kosa hauhusiani na lini kesi ilipata nafasi.

Mashtaka mengine, kwa mfano kubeba kisu, hupewa kifungo chake kinachokwenda sambamba. Usivijumlishe.

---

Rufaa_Siku28 alijibu:

Nyongeza kuhusu watoto, maana utakutana nazo. Aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio hapewi vianzio vya watu wazima. Kabla ya 2022 kulikuwa na kimoja tu, miaka 12. Tangu 28 Juni 2022 kuna ngazi kulingana na umri. Mwenye miaka 17: pale mtu mzima angeanzia 30 yeye anaanzia 27, penye 25 anaanzia 23, penye 15 anaanzia 14. Wa miaka 15 au 16: 20, 17 na 10. Wa miaka 14 kushuka: 15, 13 na 8.

Kinachohesabiwa ni umri wa siku ya tukio, wala si wa siku ya hukumu. Na amri ya maisha yote haimhusu kabisa aliyekuwa chini ya 18. Kesi ya Southport, mji wa England ambako wasichana watatu waliuawa mwaka 2024, iliwafundisha wengi hilo. Muuaji wa wale wasichana watatu alikuwa na miaka 17, siku chache tu kabla ya kutimiza 18, kwa hiyo mlango wa maisha yote ulikuwa umefungwa kisheria. Januari 2025 jaji alimpa kima cha chini cha miaka 52. Kianzio cha 27 kimefika 52 kwa sababu ya mauaji matatu pamoja na majaribio kumi ya kuua. Kama ulidhani kianzio ni dari, jibu ni hilo.

Tena yeye alikiri siku kesi ilipokuwa ianze, kwa hiyo punguzo la kukiri lilikuwa dogo.

---

Korido_ya_Milimani alijibu:

Habari zenu. Nijibu la nne.

Kenya haina kitu kama Jedwali la 21, na ni vyema msomaji aambiwe hivyo kabla ya kulinganisha namba kwa namba. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kosa, cha 204 kinaeleza adhabu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Hadi mwaka 2017 jaji alifungwa mikono jinsi yule wa Uingereza anavyofungwa na maisha. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikaamua kwamba ulazima huo unakiuka katiba. Kifo hakikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima wake. Jaji bado anaweza kukitamka, ingawa hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987.

Tangu hapo jaji wa Mahakama Kuu anasikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu na kuangalia mambo yaliyotajwa na Mahakama ya Juu: umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia na rekodi yake, kama alitenda kwa kujibu ukatili wa kijinsia, majuto, uwezekano wa kurekebika, na lolote jingine linalohusika. Orodha hiyo haina namba hata moja. Hakuna kianzio cha 15 wala cha 25. Ndiyo maana kesi mbili zinazofanana zinaweza kuachana kwa miaka mingi, na ndiyo lawama kubwa ya mawakili wa pande zote mbili.

Tofauti ambayo ningeipigia mstari kwa msomaji ni hii: jaji wa Kenya akisema miaka 30, hiyo ndiyo adhabu yenyewe na ina mwisho. Jaji wa England akisema miaka 30, hiyo ni sehemu ya mwanzo tu ya kifungo cha maisha. Namba ni ile ile, maana ni mbili.

Muda wa rumande nao unahesabiwa kwa njia yake: kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaitaka mahakama izingatie muda ambao mtu alikaa korokoroni. Wengi hutamka kifungo kianze siku ya kukamatwa. Jaji akisahau, hiyo ni hoja ya rufaa isiyohitaji wakili bingwa.

Mambo mawili ambayo watu huyakoroga. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba Muruatetu inahusu mauaji chini ya kifungu cha 204 pekee, haihusu ujambazi wa mabavu wala makosa ya kingono. Na kuhusu maana ya "maisha": mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitamka katika kesi moja kwamba kifungo cha maisha kinakiuka katiba, na katika nyingine kwamba maisha yahesabiwe miaka 30. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikatengua yote mawili na kusema kazi ya kuweka tafsiri hiyo ni ya Bunge. Ukikuta mtu bado anaandika "maisha Kenya ni miaka 30", habari zake zimechacha.

Majirani kwa ufupi. Uganda, baada ya kesi ya Kigula mwaka 2009 kuondoa ulazima wa kifo, ilitoa miongozo mwaka 2013 yenye kianzio cha miaka 35 kwa mauaji. Kwa Afrika Mashariki hiyo ndiyo inayokaribia kidogo mtindo wa vianzio. Tanzania kifungu cha 197 bado kinatamka kifo kwa lazima, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha iliamua tarehe 28 Novemba 2019 kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi.

---

Tafsiri_Kali alijibu:

Nimejaza daftari. Nimejaribu sentensi kwa mfano wa Hesabu, nisahihisheni:

"Kijana huyo amehukumiwa kifungo cha maisha na ataruhusiwa kuomba kuachiwa huru baada ya miaka 20."

---

Mama_Kanuni alijibu:

Kuna mawili ya kurekebisha, mwanangu. "Kuomba" linapotosha. Haandiki barua ya maombi. Muda ukifika, faili lake linapelekwa kwa Bodi ya Parole, na kazi ya kuliandaa huanza kabla kima hakijaisha. La pili ni "kuachiwa huru". Hatakuwa huru, atakuwa nje kwa masharti. Akikosa kuripoti au akihama makazi bila ruhusa, wanaweza kumrudisha.

Jaribu hivi: "Amehukumiwa kifungo cha maisha. Hawezi kufikiriwa kuachiwa kwa masharti kabla ya kutumikia angalau miaka 20, ikijumuisha siku 287 alizokwisha kukaa mahabusu."

---

Rufaa_Siku28 alijibu:

Hiyo ya Mama imekaa sawa. Na usiandike "adhabu ya mwisho" siku ya hukumu. Mshtakiwa ana siku 28 za kuomba kibali cha rufaa, na mahakama inaweza kumwongezea muda akiwa na sababu. Upande wa pili, Mwanasheria Mkuu naye ana siku 28 za kuipeleka adhabu Mahakama ya Rufaa akiona ni ndogo mno. Mtu yeyote anaweza kumwandikia aitazame, si lazima awe ndugu wa marehemu, ila kuandika hakumlazimishi kuipeleka. Kwenye Southport aliombwa, akakataa.

"Ndogo mno" maana yake si kwamba jaji mwingine angetoa zaidi. Ni kwamba hakuna jaji makini ambaye angeweza kufika pale.

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Mkuu, jambo la mwisho kwa upande wangu: usitegemee gazeti kwa namba. Kesi kubwa, maelezo ya jaji huchapishwa kwenye tovuti ya mahakama za England na Wales, mara nyingi siku ile ile. Sheria inamtaka jaji aseme mbele ya watu amechagua kianzio kipi na kwa nini, na kama ameondoka hapo aeleze sababu. Nenda moja kwa moja kwenye aya yenye neno "kianzio", shuka nayo mpaka kwenye punguzo la kukiri, kisha tafuta idadi ya siku za rumande. Kama idadi haipo, soma tena kwa makini. Huenda jaji amesema itathibitishwa baadaye, na basi namba uliyonayo bado itabadilika.

---

Tafsiri_Kali alijibu:

Nimeelewa. Naandika 20 kwenye kichwa na siku ndani. Shikamoo tena Mama.

---

Mama_Kanuni alijibu:

Marahaba. Na hakikisha "England na Wales" imo kwenye sentensi ya kwanza, Rufaa alishasema.